Cheti cha kompyuta si ujuzi wa kompyuta

Watu wengi wakisikia kwamba mimi ni mwalimu wa kompyuta hudhani kazi yangu ni kukaa mbele ya mashine na kubonyeza vitufe kutwa nzima. La hasha! Nusu ya kazi hii ni kuwaondolea watu hofu. Nusu nyingine ni kubishana na wazazi kuhusu cheti.

Nilianza kufunza mwaka wa 1994 katika chuo kimoja kilichokuwa ghorofani karibu na River Road, jijini Nairobi. Tulikuwa na kompyuta 6 na wanafunzi 18, watatu kwa kila mashine. Stima ikipotea, kazi yote ambayo haikuwa imehifadhiwa kwenye disketi ilipotea nayo. Wengi wa wanafunzi walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Lakini walikuwapo pia akina mama waliokuwa wapiga chapa katika ofisi za serikali, wakaondoka kazini serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi wake mwaka wa 1993.

Siku hizo programu zilizovuma zilikuwa WordPerfect ya kuandikia barua na Lotus 1-2-3 ya hesabu. Katika WordPerfect, kitufe cha F10 kilihifadhi kazi na F7 kilikutoa nje. Vijana walivikariri vitufe hivyo kama wimbo wa shule ya msingi. Mwenye chuo alifurahi, kwani anayekariri hufaulu mtihani kwa wiki 6, hupewa cheti chake, na kiti chake huchukuliwa na mwingine mwenye karo.

Mama mmoja hakukubali kukariri.

"Mwalimu, hii jumla inatoka wapi?" aliniuliza siku ya kwanza ya Lotus.

"Mama, hapa unaiambia mashine ijumlishe safu ya B, kutoka mstari wa 2 hadi wa 9," nikamjibu, nikimwonyesha maandishi @SUM(B2..B9).

Akabadilisha bei ya sukari katika bajeti ya nyumbani kwake. Jumla ikabadilika yenyewe. Akacheka, akabadilisha bei ya unga, kisha ya mafuta taa, kisha nauli ya matatu. Wakati huo wenzake walikuwa wamemaliza zoezi na kwenda zao.

Windows 95 ilipoingia, na Excel ikaanza kuchukua nafasi ya Lotus, baadhi ya vijana wale walirudi kulipa karo upya. Vitufe walivyovijua havikuwafaa tena. Yule mama naye alikuwa ameajiriwa kuweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Aliponipigia simu alisema hakuona ugumu: palipokuwa na @ sasa pana =, na palipokuwa na nukta mbili pana nukta pacha. Jumla ilikuwa ile ile.

Lotus yenyewe imekwisha kuzikwa. Kampuni ya IBM ilikoma kuihudumia mwaka wa 2014. Vyeti nilivyotia sahihi miaka ile vinataja programu ambazo mwajiri wa leo hana haja nazo.

Wanafunzi ninaowafunza sasa hawaiogopi mashine, maana wamekua na simu mkononi. Hata hivyo, ukiwauliza faili waliyoandika imehifadhiwa wapi, wengi hukutazama tu. Na tangu ChatGPT ilipotokea Novemba 2022, wazazi huniuliza kama bado kuna haja ya kumlipia mtoto karo ya kompyuta. Huwajibu kwamba programu hiyo yaweza kumwandikia mtoto fomula kwa sekunde chache. Lakini ikikosea, ni nani nyumbani mwenu atakayejua?

Basi mzazi, kabla ya kulipa, kitembelee chuo. Usiulize wanafunza programu ngapi. Uliza kila mashine ina wanafunzi wangapi, na kama mwanao atapata muda wa kuitumia peke yake. Keti dakika chache darasani usikie kama wanafunzi huuliza maswali, na kama mwalimu huyajibu au huwanyamazisha.

Kisha mwezi mmoja ukipita, mpe mwanao bajeti ya nyumba aiandike kwenye kompyuta. Akimaliza, badilisha bei ya unga na umwambie akueleze kwa nini jumla imebadilika. Akishindwa kueleza, karo yako bado haijafanya kazi, hata kama cheti kimeshachapishwa.