Safari ya Chyulu Iliyoishia Mtoni

Ndugu msomaji, ikiwa umekulia hapa Mtito Andei unajua kwamba sisi ni watu wa katikati. Anayetoka Nairobi akifika hapa huambiwa amemaliza nusu ya safari, na anayetoka Mombasa huambiwa vivyo hivyo. Abiria hushuka, hujinyoosha, hunywa chai haraka haraka huku dereva akipiga honi, kisha haoo, wamekwenda zao. Hata garimoshi la SGR lililoanza mwaka wa 2017 husimama kidogo tu likaondoka. Sisi hubaki na vumbi. Nina umri wa miaka kumi na sita na Mombasa nimefika mara moja tu, tena kwa mazishi.

Huenda ndiyo sababu milima ya Chyulu ilinisumbua roho. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu utaiona kule upande wa machweo, rangi ya samawati, imepangana kama migongo ya ng'ombe waliolala. Mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha kwamba ni milima ya volkano, tena michanga sana kwa umri wa milima. Alisema lava ya Shetani kule Tsavo Magharibi ilimwagika karne ya 19 tu, kwa hivyo huenda mababu wa babu zetu waliuona moto ule kwa macho yao. Kilele kina mita 2,188. Lakini lililonikaa zaidi kichwani ni hili: milima ile haina mto hata mmoja. Mvua ikinyesha juu yake huzama katika majivu na mawe ya volkano, ikasafiri chini kwa chini hadi chemchemi za Mzima, na kutoka huko bomba huyapeleka maji Mombasa. Na sisi hapa tunanunua maji kwa mitungi!

Wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kutembea juu ya milima hiyo. Sisi tunaoiona kila asubuhi tukifagia darasa hatujawahi kuikanyaga. Jambo hilo lilituuma.

Tulikuwa wanne. Majina yao ya shuleni sitayataja kwa kuwa wazazi wao pia husoma jarida hili. Wa kwanza ni Redio, ambaye hazimwi. Wa pili ni Profesa, kwa sababu ya miwani tu wala si kwa sababu ya alama. Wa tatu ni Kobe, mpole, mzito wa miguu, ambaye tangu darasa la nne hajawahi kuiwahi kengele. Wa nne ni mimi. Wakati huo tulikuwa kidato cha pili, likizo ya Aprili mwaka wa 2024. Mjomba wake Redio ana pikapu ya kubebea nafaka, na Jumamosi tarehe 20 alikuwa aende kuchukua magunia ya ndengu katika boma moja chini ya milima, kisha ayapeleke Kibwezi. Alikubali kutupakia, atuache kwenye lango la mbuga, na jioni atupitie. Pesa za kiingilio tulikuwa tumezidunduiza muhula mzima. Mimi niliacha kununua mandazi ya saa nne.

Shida ilikuwa mama. Mvua ya masika ya mwaka huo unaikumbuka, msomaji. Ilianza Machi ikawa haijui kupumzika. Mama aliniambia, "Mlimani huendi. Hii mvua si ya kuchezea."

Nikamjibu, "Hapana mama, si mlimani. Tunaenda tu kumsaidia mjomba wa mwenzetu kupakia magunia."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili unakuja.

Jogoo wa kwanza alipowika mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa. Nilivaa viatu vyangu vya shule kwa sababu sina vingine vyenye soli nzuri. Nilibeba chapati nne, mayai mawili ya kuchemsha na chupa ya maji. Kobe alibeba muthokoi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, tukamcheka mpaka machozi, ati nani amewahi kula muthokoi kileleni. Tukarukia nyuma ya pikapu na safari ikaanza. Malori yalikuwa yamefuatana barabarani kama siafu. Tuliimba, tukawapungia mkono watu tusiowajua, tukapita Kambu tukiwa tumekwisha kula nusu ya chakula cha mlimani. Nilijiona na mimi leo ni abiria.

Baada ya Kambu tuliiacha lami tukashika njia ya udongo mwekundu. Juu yetu mbingu ilikuwa safi kabisa. Chyulu lakini hatukuiona. Mahali pa milima palikuwa na wingu jeusi limekaa kitako kama mwenye nyumba. Profesa alisema litaondoka ifikapo saa nne. Profesa husema mambo mengi.

Mto tuliusikia kabla ya kuuona. Mwanzoni nilidhani ni lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Kumbe mlima kutokuwa na mto si kusema kwamba njiani hakuna mto. Mito yetu ya Ukambani unaijua: mwezi wa Septemba ni mchanga mtupu, watu wanachimba visima humo na kuteka maji kwa kata, punda wakisubiri, na watoto wanacheza mpira pale pale. Huo nao ulikuwa mto wa namna hiyo, hauna daraja, una kivuko cha saruji tu kilicholazwa chini. Siku hiyo saruji haikuonekana. Maji yalikuwa yamejaa toka ukingo hadi ukingo, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na mtungi mmoja wa njano uliokuwa ukizunguka zunguka. Na pale tulipokuwa hakukuwa na tone moja la mvua! Ilikuwa imenyesha mbali, usiku, kwa watu wengine.

Ng'ambo walikuwako akina mama wawili na punda wao. Walikuwa wameketi chini ya mgunga, wametulia kabisa, mmoja anasuka kiondo. Sasa nikikumbuka naona wale akina mama walikuwa wanatuambia kitu, lakini wakati huo niliona tu ni watu wasio na haraka.

Mjomba alizima gari. Akashuka, akavunja kijiti, akakichomeka pale maji yanapoishia, akarudi kuketi huku akitafuna mswaki. Hakusema neno. Tulipokuwa bado tunashangaa ikaja gari ndogo aina ya Probox, imejaa watu. Dereva hakusimama hata kidogo. Maji yalifika milangoni, gari likayumba, likasukumwa kando kidogo, kisha likanguruma na kutokea upande wa pili. Redio alipiga makofi. Sote tulipiga makofi, isipokuwa Kobe.

"Mjomba, umeona?" Redio akasema. "Hata Probox imepita!"

"Nimeiona."

"Sasa tunangoja nini?"

"Nangoja kijiti," Mjomba akajibu.

Tulitazama kijiti. Maji yalikuwa yamekipita. Mjomba akashuka, akachomeka kingine juu zaidi. Baada ya dakika chache hicho nacho kikamezwa. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi hasira zilikuwa zimenipanda. Niliwaza mandazi yote ambayo sikula, nikawaza Jumatatu nitawaambia nini wanafunzi wenzangu mtaani niliojigamba mbele yao. Basi nikatamka maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Mjomba, kumbe hili gari ni la kubebea ndengu tu, si la wanaume."

Kwetu mtoto hamwambii mtu mzima maneno kama hayo. Redio mwenyewe alinyamaza, na hilo si jambo dogo. Mjomba alinitazama, akaendelea kutafuna mswaki wake.

Ukimya ule ndio ulionisukuma. Nikakunja suruali nikasema nitawaonyesha kwamba maji hayafiki magotini. Hatua ya kwanza, maji yalinifika vifundoni. Ya pili, katikati ya miundi. Nikageuka nikawacheka. Ya tatu sikuikanyaga. Mchanga ulitoka chini ya mguu wangu kama mtu anayevuta mkeka. Msomaji, maji hayo hayakuwa na kina cha kumfunika mbuzi, lakini yalinikalisha chini kwa nguvu ambazo sijawahi kuziona. Nilikunywa tope. Niliona mbingu, nikaona maji, nikaona mbingu tena. Nilitaka kuita mama na mdomo ulikuwa umejaa mchanga.

Aliyenishika ni Kobe. Huyo huyo mzito wa miguu. Sijui alifikaje. Alishika mkanda wa mkoba wangu, naye akaanguka, tukaburutwa wawili hadi kwenye mizizi ya mti uliokuwa ukingoni, akaikumbatia kwa mkono mmoja. Mjomba alikuja mbio na kamba ya kufungia magunia. Walituvuta kama mbuzi waliotumbukia kisimani. Niliporudi kwenye nchi kavu nilikuwa na kiatu kimoja, cha kushoto.

Nilingoja kofi. Halikuja. Mjomba alinivua shati lililolowa, akanifunika turubai, kisha akaketi chini kama mtu aliyechoka sana. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Baadaye ndipo alipouliza, "Enziu mlisikia?"

Nani Ukambani hakusikia? Tarehe 4 Desemba 2021, kule Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia katika mto Enziu uliofurika, likasombwa, watu zaidi ya thelathini wakafa. Sisi tulikuwa shule ya msingi wakati huo. Tuliiona filamu yake kwenye simu, watu wakiwa ukingoni na basi likilala ubavu polepole.

"Mimi nimeendesha magari miaka mingi," Mjomba akasema. "Wale waliopita ni wengi. Ndio maana watu huingia." Basi. Hakuongeza neno.

Tulikaa pale hadi saa nane. Ndengu hazikuchukuliwa, na hiyo ilikuwa hasara yake, lakini hakuitaja. Mvua ilipoanza kunyesha hata huku kwetu, aligeuza gari. Tulikula muthokoi wa Kobe chini ya turubai, baridi, kwa mikono yenye tope, na ninasema kweli sijawahi kula chakula kitamu kuliko kile. Hakuna aliyecheka. Tulipokaribia lami nilichungulia nyuma. Wingu lilikuwa limefunguka mahali padogo na Chyulu ikaonekana, kijani kibichi, karibu kuliko nilivyowahi kuiona. Kisha ikafungika.

Nyumbani mama aliuliza kiatu kiko wapi. Nikamwambia kilianguka garini, pale tulipokuwa tunapakia magunia. Alinunua vingine. Mama huuza chapati na mayai pale kituoni, kwa wale abiria wa dakika chache, na mimi najua viatu vya shule ni chapati ngapi. Wenzangu tuliapishana kwamba hakuna atakayesema.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 26, nilimpelekea mama unga wa chapati kituoni nikakuta vijana wamezunguka simu moja. Ilikuwa ni lori lililobeba watu, limesombwa na maji kwa Muswii, Kasikeu, humu humu Makueni yetu. Watu walikuwa wamejishikilia juu yake. Wengine waliokolewa, wengine walikufa. Nilitazama kidogo nikashindwa. Mama alikuwa nyuma yangu, mikono imejaa unga, naye akasema, "Maskini watoto wa watu. Nashukuru wewe hukwenda mlimani."

Niliinua mdomo nikaufunga.

Shule zilikuwa zifunguliwe mwisho wa mwezi ule, lakini kwa ajili ya mafuriko zikangoja hadi tarehe 13 Mei. Nilipomkuta Mjomba wa Redio sokoni nilimwomba radhi, nikashindwa kumtazama usoni. Alisema, "Yaliisha," akanipa gunia nimbebee. Kobe bado anachelewa kengele. Redio amekwisha kunipa ruhusa ya kuandika, na Profesa anasema mimi ni msaliti.

Mwalimu mlezi wa chama aliposoma makala haya aliniuliza kama nina hakika nataka yachapishwe, kwa kuwa jarida hugawiwa siku ya wazazi na mama yangu hukaa safu ya mbele. Nilimwambia nina hakika. Kiatu cha kushoto kiko chini ya kitanda changu, kimekauka kikawa kigumu kama ubao. Mama akifagia hukitoa, hukitazama, huniuliza mbona sikitupi. Nitamjibu siku hiyo.