Mama Niliyemgombeza

Mwaka 2013 nilikuwa muuguzi kijana katika zahanati moja wilayani Muleba. Mama mmoja alimleta mwanawe kwa mara ya tatu ndani ya miezi michache, na kipimo kikaonyesha malaria tena. Nikamuuliza, "Chandarua mnacho?"

"Tunacho, nesi. Tunalala humo kila siku."

Sikumwamini. Nilimgombeza mbele ya foleni nzima, nikasema wapo wanaofugia kuku na kuvulia dagaa vyandarua vya serikali. Aliinamisha kichwa, akapokea dawa mseto, akaondoka kimya.

Mwaka uliofuata ulianza utafiti mkubwa wa vyandarua Muleba, ukiwaunganisha taasisi ya utafiti wa tiba NIMR ya Mwanza, hospitali ya KCMC ya Moshi na watafiti wa London. Nikapata kazi ya kupima watoto vijijini. Kabla ya kuingia vijijini tulifundwa upya mambo niliyodhani nayajua: kuchoma kidole pembeni, kufuta tone la kwanza, kusoma kipimo kwa saa na si kwa makisio. Ridhaa nayo ikawa somo zima. Mzazi asiyeelewa Kiswahili anaelezwa kwa Kihaya mpaka aelewe, na akikataa, unashukuru na kuondoka.

Siku moja wataalamu wa wadudu walituonyesha kazi yao. Mbu wa Muleba waliwekwa ndani ya mirija yenye karatasi iliyopakwa dawa ileile ya vyandarua vyetu, wakakaa humo saa moja. Baada ya saa 24 ndipo huhesabiwa waliokufa. Kesho yake nilisogea nikachungulia. Wengi walikuwa wanaruka.

Nilimkumbuka yule mama.

Utafiti ulilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezewa PBO, kemikali inayodhoofisha vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuvunja sumu. Maeneo yalikuwa 48, na sisi wapimaji hatukuambiwa ni eneo gani lina vyandarua vya aina gani. Miezi 21 baadaye, kwenye vyandarua vya kawaida asilimia 62 ya watoto tuliowapima walikuwa na malaria. Kwenye vyenye PBO, 45. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo kwa maeneo ambako mbu wamekuwa sugu.

Mwaka huohuo nilipanda hadi kwa yule mama. Nilimkuta kibanjani akipalilia migomba. Nikamsalimu kwa Kihaya, kisha nikamweleza mambo ya mirija na mbu, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hivyo vyenye nguvu tutaletewa lini?"

Sikuwa na tarehe ya kumpa. Lakini nilikuwa nimekuja, na safari hii nilimwamini.

Leo nikipokea wanafunzi wa uuguzi kutoka Bukoba, kabla sijawakabidhi sindano ya kutobolea kidole, nawasimulia habari za mama huyo. Kisha nawaambia waandike kwanza mgonjwa alichosema, kama alivyokisema.