Jeraha Lisilotoka Damu

Damu ina ufasaha wake. Mtoto akikatwa na kigae cha chupa ufukweni, damu hunena kwa niaba yake, na hapana mzazi anayeomba tafsiri. Mfupa uliovunjika nao una ulimi: huvimba, hupinda, huonekana katika picha ya eksirei. Lakini lipo jeraha moja lililo bubu, nalo ni mtikisiko wa ubongo. Kichwa hugongwa, au mwili husukumwa kwa kishindo, na ubongo ukatikisika ndani ya fuvu. Nje huenda isiwepo alama yoyote. Picha za hospitali kwa kawaida hazioneshi kitu. Wengi wanaopatwa hawazimii hata kidogo. Ushahidi unaobaki ni maneno ya mtoto mwenyewe. Na mtoto mwenye hamu ya kuendelea kucheza anajua kunyamaza.

Kisa cha Rowan Stringer kinatokana na unyamavu huo. Binti huyu wa Ottawa, nchini Kanada, alikuwa na umri wa miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Mnamo Mei 2013, katika muda usiotimia wiki moja, aligongwa kichwa mara tatu. Baada ya mapigo ya mwanzo kichwa kilimuuma, akaingiwa na shaka. Alitafuta habari za mtikisiko wa ubongo kwa simu yake, akawadokezea rafiki zake, kisha akarudi uwanjani. Pigo la mwisho lilimzimisha, na siku chache baadaye akafariki dunia hospitalini. Ubongo ambao haujapona, ukigongwa tena, waweza kuvimba ghafla kwa namna isiyozuilika. Jambo hili hutokea kwa nadra, na linapotokea, wahanga huwa zaidi ni vijana.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba elimu ilikuwapo. Ilikuwamo ndani ya simu ya binti, ikapita midomoni mwa wasichana wenzake, lakini haikuwafikia watu wazima waliokuwa na uwezo wa kumwambia: leo hutacheza. Mwaka 2015 baraza la uchunguzi wa kifo hicho lilitoa mapendekezo 49. Mwaka 2018 bunge la jimbo la Ontario likapitisha sheria iliyobeba jina la Rowan, ya kwanza ya namna yake Kanada.

Sheria yenyewe haina maajabu. Kila mwaka wachezaji walio chini ya miaka 26, wazazi wa walio chini ya miaka 18, pamoja na makocha, hutakiwa kuthibitisha kwamba wamesoma maelezo juu ya jeraha hili. Mchezaji anayeshukiwa kupatwa hutolewa mchezoni papo hapo, na harejei katika mazoezi kamili mpaka mtaalamu wa tiba amridhie. Kabla ya hapo, jimbo la Washington huko Marekani lilikwisha tunga sheria ya jinsi hiyo mwaka 2009, kwa sababu ya Zackery Lystedt, kijana aliyeumia vibaya mwaka 2006 akiwa na miaka 13 baada ya kurudishwa mchezoni siku ileile. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya nchi hiyo yalikuwa na sheria zake.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Katika ushairi usemi huo ni neema. Katika tiba ya kichwa cha mtoto umekuwa balaa. Daktari mmoja humfungia mgonjwa katika chumba cha giza kwa siku nyingi; mwingine humrudisha shuleni kesho yake; kocha naye hunyanyua vidole na kuuliza ni vingapi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa vijana walioamriwa mapumziko makali ya siku 5 na wale walioambiwa wapumzike siku 1 au 2 tu kisha warejee kwa hatua. Waliofungiwa ndio waliotaja dalili nyingi zaidi. Giza lile, kumbe, halikuwa dawa.

Mwongozo wa sasa, uliokubaliwa na wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022, unataka mapumziko ya wastani kwa saa 24 hadi 48, kisha matembezi mepesi, na ngazi yenye vidato sita kuelekea mchezoni, kila kidato kikichukua si chini ya siku moja. Masomo hutangulia, mchezo hufuata. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wala si wote wanaopona upesi: utafiti wa Kanada uliotangazwa mwaka 2016, uliowahusisha watoto na vijana 3,063, ulionesha kwamba karibu theluthi moja walikuwa bado na dalili baada ya wiki 4. Mtoto huyo si mvivu wala mdekaji. Anahitaji mwalimu ajuaye hivyo.

Hata hivyo, mizani moja kwa wote ina mtihani wake, nao ni mtihani wa lugha. Tangu mwaka 2013 kipo kipimo maalumu cha watoto, ambamo mtoto huulizwa dalili zake na mzazi naye huulizwa alichokiona. Ni busara kubwa kuwasikiliza wote wawili. Lakini vipimo hivi vilitungwa kwa Kiingereza. Katika kile cha wakubwa, mgonjwa huulizwa kama anajihisi yumo ndani ya ukungu. Mtoto wa mwambao huenda asiutaje ukungu kamwe. Atasema kichwa kizito, au anaona vimulimuli, au dunia inamzunguka. Pengine atasema tu kwamba hayuko sawa. Atakayetarjumi kipimo hicho neno kwa neno atapata karatasi safi na mtoto mgonjwa. Kinachopaswa kuwa kimoja duniani kote ni uangalifu. Maneno sharti yatoke kinywani mwa wenyewe.

Na lipo deni la washairi pia. Lugha imejaa sifa za aangukaye akainuka, akajikaza, akajifuta mchanga na kuendelea. Mtoto huzinywa sifa hizo pamoja na maziwa, na siku kichwa kinapomuuma hukumbuka kwamba jasiri halalamiki. Ni nadra kusikia beti zikimsifu anyanyuaye mkono na kusema, naumwa, nitoeni.

Kila Jumatano ya mwisho ya Septemba, Ontario huadhimisha siku yenye jina la Rowan. Anayekumbukwa siku hiyo aliijua hatari yake, akaitaja kwa rafiki zake. Watoto wa leo wanafundishwa kuitaja kwa mtu mzima, na mtu mzima anafundishwa kuamini.