Anayeshika Spana

Jumatatu, 3 Februari 2025

Orodha ya washiriki wa mafunzo ya gesi imerudi kutoka kwa Katibu wa Afya. Wakuu wa idara wote wamo. Mhasibu yumo. Ofisa manunuzi yumo. Mfamasia naye yumo, na kwa huyo sina neno, maana oksijeni ni dawa, ina kipimo chake na madhara yake. Wasiokuwemo ni wahudumu wanaobadilisha mitungi, dereva wa ambulensi, na walinzi. Nilipouliza, nikaambiwa fungu la posho limeishia hapo, na kwamba walinzi na wasafishaji ni wa kampuni, “si watumishi wetu hao, fundi.”

Kimkataba ni kweli. Lakini mtambo wa oksijeni ukizima saa nane usiku, wa kwanza kusikia king’ora ni mlinzi. Kibanda chake kinatazamana na mlango wa chumba cha mitungi. Mhasibu saa hiyo yuko kwake amelala, na mimi pia.

Nimekaa jioni kuandika maelezo ya mfumo wetu bila maneno ya kitabuni. Mtambo unavuta hewa hii hii tunayopumua, ambayo asilimia 78 ni nitrojeni na 21 ni oksijeni. Unaikandamiza na kuipitisha kwenye matangi mawili yaliyojaa chembe za zeolaiti. Chembe zinanasa nitrojeni, oksijeni inapita. Tangi moja likishiba linatema nitrojeni yake nje na la pili linashika zamu, ndiyo ule mlio wa “pshaa” unaowashtua wagonjwa wa nje. Kinachopatikana ni oksijeni ya asilimia 93 hivi, inayokwenda kwenye kuta za wodi kwa msukumo wa baa 4. Yote hayo yanataka umeme. Umeme ukikatika tunabaki na mitungi ya akiba, safu ya kushoto na safu ya kulia.

Mtambo ulipoletwa ulikuja na mafunzo, kwa Kiingereza, kwa watu ambao karibu wote wameshahamishwa vituo.

Jumanne, 4 Februari

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee wa mitungi.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, fundi. Leo umekuja kukagua au kusaidia?”

Yote mawili, nikamwambia. Akacheka, akanipa kiti, yeye akaendelea kusimama.

Mzee huyu anajua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu cha mtambo. Anatambua kwa sikio regulata inayovuja. Anajua mtungi upi una valvu nzito na upi kofia yake imeliwa nyuzi. Anauzungusha mtungi mkubwa kwa ukingo wa kitako chake huku akizungumza na mtu mwingine, mkono mmoja tu. Nimemwomba aache hilo na atumie toroli lenye mnyororo. Mtungi uliojaa una baa 150 ndani yake. Ukianguka valvu ikavunjika, chuma chote kile kinaruka. Alinisikiliza kwa heshima. Toroli letu lina gurudumu moja bovu tangu mwaka jana, na alinionyesha kwa kidole bila kusema kitu.

Kilichonitia baridi ni spana. Moja tu, ile ile ya jenereta, nyeusi kwa grisi. Mzee anaamini anaitunza: “Bila mafuta chuma kinakauka, fundi.” Tukakaa hapo muda mrefu. Nilimweleza kwamba grisi ambayo kwenye jenereta inalainisha, mbele ya oksijeni yenye msukumo mkubwa ni kuni. Ukifungua valvu kwa pupa, gesi inakimbilia kwenye regulata iliyofungwa, inajikandamiza pale ghafla, na kukandamizwa huko kunazaa joto kali. Joto likikutana na grisi ndani ya oksijeni, huhitaji kiberiti. Kwa hiyo valvu hufunguliwa polepole, umesimama pembeni, uso mbali na geji. Na kabla ya kufunga regulata unaupumulisha mtungi kidogo utoe vumbi.

“Nilishawahi kuona moto wa hivyo,” akasema. “Zamani, kwa wachomeleaji. Hakuna aliyetuambia kwa nini.”

Nimenunua spana mpya dukani, nimeipaka rangi nyeupe, nimeitundika kwa mnyororo. Risiti sitaipeleka kwa mhasibu, maswali yake yatakula wiki.

Kitu kingine: kwenye kopo la Mzee nimekuta washa za regulata za mitungi midogo. Mitungi ile ina matundu kwenye shingo, na regulata ina pini zake. Oksijeni ni nafasi ya 2 na 5, naitrasi oksaidi, yaani gesi ya usingizi, ni 3 na 5. Zisipolingana haziingii. Lakini mtu akipachika washa mbili badala ya moja, pini hazifiki kwenye matundu na chochote kinakaa popote. Nimeuliza kama imewahi kufanyika hapa. Mzee akatazama dirishani. Nimeandika kwa herufi kubwa ukutani: WASHA MOJA TU.

Alhamisi, 6 Februari

Semina rasmi, ukumbini, na wenye posho zao. Niliharakisha sehemu ya nadharia kwa sababu nusu yao walikuwa kwenye simu. Wauguzi wafawidhi ndio waliouliza.

Tulikaa kwenye hesabu, na hapo ukumbi ukaamka. Ujazo wa chuma mara baa za geji ndiyo lita ulizonazo. Mtungi wa lita 40 ukiwa na baa 150 una lita 6,000. Mgonjwa anayepewa lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 10. Geji ikishuka hadi 50, zimebaki lita 2,000, yaani saa tatu na dakika 20, na hapo tayari mtungi wa pili uwe umesimama.

Sista wa dharura akauliza kuhusu ambulensi. Mtungi wake ni wa lita 10. Ukijaa una lita 1,500. Safari ya kwenda hospitali ya kanda ni saa tatu barabara ikiwa nzuri, na kwa lita 10 kwa dakika hiyo ni lita 1,800. Kwa maneno mengine, hata ukijaa hautoshi. Ukumbi ukanyamaza, kisha sauti kutoka nyuma: “Na huwa haujai.” Kila mtu alijua. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusemwa mbele ya Mganga Mfawidhi. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Dereva hakuwepo kusikia.

Nikaongeza kwamba hesabu hii haifanyi kazi kwa naitrasi. Ile imo mtungini kama kimiminika, geji inasimama pale pale mpaka kimiminika kiishe, halafu inaporomoka. Mtungi wa naitrasi hupimwa kwa mzani.

Wauguzi wa watoto wachanga walileta jambo lao: mama akiona mtoto anahema anaomba gesi iongezwe, na muuguzi mwenye huruma anaongeza. Kwa njiti, kipimo cha oksijeni kwenye damu kikizidi asilimia 95 wakati yuko kwenye oksijeni, macho yake yako hatarini. Matroni alilisema vizuri kuliko mimi.

Usiku wa Jumamosi, 8 Februari

Umeme umekatika saa saba na nusu. Jenereta ikakohoa na kukataa. Nimefika nikiwa na sweta juu ya nguo za kulalia, nikakuta msukumo wa wodi umeshapanda hadi baa 4 na safu ya kushoto inatoa gesi.

Aliyefungua ni mlinzi. Mhudumu wa zamu alikuwa amepeleka maiti chumba cha kuhifadhia, muuguzi wa wodi ya watoto akapiga kelele dirishani, na huyu kijana akaingia ndani akafungua valvu zote nne moja baada ya nyingine, kwa nguvu zake zote, kama anavyofungua bomba la maji kwao. Spana nyeupe alitumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimuuliza nani alimfundisha. “Namwonaga Mzee, bosi.”

Nimepita wodini. Kile kisanduku cha tahadhari cha wodi ya wanaume kimezibwa kipaza sauti chake kwa plasta. Plasta imechakaa, ina muda pale. Muuguzi wa zamu aliniambia kilikuwa kinalia kila siku bila sababu hadi wagonjwa hawalali. Sababu ipo, nimeipata: kihisio kinasoma chini ya baa 4 kwa uvujaji mdogo kwenye kituo cha ukutani cha kitanda cha mwisho. Sijamgombeza mtu. Kengele inayolia ovyo ni kosa la sisi mafundi kabla ya kuwa kosa la wodi.

Mlinzi huyo hatambuliwi na orodha yoyote ya mafunzo.

Jumatano, 12 Februari

Nimezunguka na kipima oksijeni, kituo kimoja baada ya kingine, wodi hadi chumba cha upasuaji. Mganga Mfawidhi aliona ni kupoteza muda, mabomba yana lebo. Nikampa mfano wa hospitali ya Bankstown, Sydney. Mwaka 2016, tundu la ukutani lililoandikwa oksijeni katika chumba cha upasuaji lilikuwa linatoa naitrasi oksaidi. Mabomba yalipishanishwa wakati wa ufungaji, na vipimo ambavyo vingegundua havikufanywa ipasavyo. Mtoto mchanga mmoja alifariki, mwingine akaharibika ubongo. Geji ya msukumo isingeonyesha kitu, naitrasi nayo ina baa zake 4. Flomita ingepanda vile vile. Kipima oksijeni peke yake ndicho kingesema.

Vyetu vyote vimesoma kati ya 92 na 95. Ila chumba cha wagonjwa mahututi nimekuta flomita ya hewa tiba na ya oksijeni zimechomekwa sambamba, zinafanana kila kitu isipokuwa rangi. Uingereza wanalihesabu kosa la kumuunganisha mgonjwa wa oksijeni kwenye flomita ya hewa kuwa miongoni mwa yale yasiyopaswa kutokea kamwe. Nimezichomoa za hewa, nimemkabidhi Sista azifungie kabatini hadi zitakapohitajika.

Rangi zenyewe! Ghalani tuna mitungi ya oksijeni myeupe, myeusi yenye mabega meupe, na mmoja wa kijani uliokuja na msaada. Nani atamlaumu mhudumu anayechanganyikiwa? Kanuni yangu kwao ni kusoma lebo. Mtungi usio na lebo haupandi wodini, hata kama nesi analia.

Ijumaa, 14 Februari

Mafunzo ya wasioalikwa. Chini ya mwembe karibu na karakana, chai na maandazi, bila posho. Wahudumu, dereva, walinzi wa zamu zote mbili, wasafishaji wanne, na Mzee kama mwalimu msaidizi. Nilimwachia yeye kipindi cha kufungua valvu. Alikifundisha kwa ukali ambao mimi nisingeuthubutu, akamrudisha yule kijana wa Jumamosi mara tatu. “Polepole. Tena. Huibi kitu, kwa nini unakimbia?”

Maswali yao yalikuwa bora kuliko ya ukumbini. Msafishaji aliuliza kama anaweza kupangusa regulata kwa kile kitambaa anachopangusia meza. Kina mafuta ya nta, kwa hiyo hapana. Mwingine kuhusu vitakasa mikono: vina spiriti, visubiri vikauke kabla ya kushika valvu. Dereva alikuwa ameshapiga hesabu ya ambulensi mwenyewe kwa kusimuliwa, anataka mitungi miwili na mahali pa kuifunga.

Mlinzi mkuu akauliza swali la siku. “Wodi ikishika moto, nafunga koki ya gesi?”

Nikawaeleza ya Baghdad, Aprili 2021, hospitali ya Ibn al-Khatib, moto ulioanzia kwenye mitungi ya oksijeni na kuua watu zaidi ya 80. Moto ukipata oksijeni haukawii, kwa hiyo koki ya wodi inayoungua lazima ifungwe. Halafu nikawaeleza ya Nashik, India, mwezi huo huo: gesi ilivuja kwenye tangi kubwa, msukumo wa mabomba ukashuka, wagonjwa zaidi ya 20 waliokuwa kwenye mashine wakafa bila moto wowote. Ukifunga koki, kila aliyelala mbele yake anakosa pumzi. Basi anayeamua ni muuguzi wa zamu, akishajua nani yuko kwenye gesi na nani amehamishiwa mtungi mdogo. Mlinzi anafunga akiambiwa.

“Na muuguzi akiwa ameshakimbia?”

Sikuwa na jibu la haraka. Matroni, aliyekuja kuchungulia na kubaki hadi mwisho, akajibu: “Wangu hawakimbii. Lakini akiwa hayupo kabisa na moto uko ndani, funga, nitasimama mimi.” Nimeliandika hilo kwenye utaratibu wetu, na jina la cheo chake chini yake.

Tulibishana baadaye juu ya ufunguo wa visanduku vya koki. Yeye anataka ukae ofisini kwake. Mimi nataka kioo cha kuvunja. Bado.

Jumatatu, 24 Februari

Mafundi wa kampuni inayotunza mtambo wamefika asubuhi kufanya matengenezo, wakanipigia simu wakifoka. Mzee amekataa kuwafungulia. Anataka kibali cha kazi kilichosainiwa na muuguzi mfawidhi wa kila wodi itakayoathirika, kama nilivyowafundisha chini ya mwembe. Wao wanasema wamekuwa wakiingia siku zote bila karatasi, na kwamba hawawezi kuzuiwa na mhudumu.

Nikawaambia wakatafute saini.

Saini zilikamilika saa tano na robo. Wodi ya watoto ilichelewesha kwa sababu ilikuwa na wawili kwenye gesi, wakahamishiwa mitungi kwanza. Kazi imeanza saa sita. Katibu amenipigia kuuliza nani alimpa Mzee mamlaka hayo. Nimemwambia jina la Mzee liwemo kwenye orodha ya mafunzo yajayo, na kama fungu halitoshi, wamtoe mhasibu.

Kesho: kuagiza seli mpya ya kipima oksijeni, iliyopo inakaribia kuisha muda. Gurudumu la toroli.