Feleji ya chini ya gari

Msomaji wa tenzi za zamani analijua neno feleji: upanga wa feleji, mkali, usiovunjika. Kamusi zinasema ni chuma cha pua kilicho bora (pua hii si ya usoni). Miye nililikuta chuo kikuu nikadhani limekwenda na masultani. Kumbe feleji ipo huku kwetu Ng'ambo, imelala chini ya gari za shamba, imeganda matope na grisi.

Springi ya gari, yale mabapa yaliyopangwa moja juu ya jingine, si ndugu wa nondo. Mara nyingi ina kaboni kiasi cha asilimia 0.6, manganizi, na kromiamu isiyofika hata asilimia 1. Kidogo hicho ndicho kinachofanya chuma kikaze mpaka ndani, si ngozi tu. Nondo ya kawaida, ichovye utakavyo, haishiki makali.

Ami yangu ni mfua chuma. Hununua springi zilizokatika, akafua visu na mapanga ya madafu. Hana kipimajoto, ana sumaku ya spika mbovu, imening'inia kwa waya. Chuma kikiwa chekundu hukigusa nayo. Sumaku ikikataa kushika, hapo ni nyuzi 770 hivi, hukirudisha motoni kidogo tena, kisha hukizamisha kwenye mafuta machafu ya injini. Maji hataki. "Maji yana pupa," anasema. Yanapoza haraka mno, chuma kinapasuka.

Kikitoka mafutani ni kigumu kama kioo, na ukikiangusha huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hukisugua king'ae, akakipasha tena taratibu huku anatazama rangi zinavyotembea: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Kisu husimama kwenye manjano, kiasi cha nyuzi 220. Panga la madafu analiacha lifike zambarau, maana linapigwa, linahitaji ustahamilivu kuliko makali. Springi yenyewe kiwandani hupashwa zaidi ya hapo, ndiyo maana inapinda ikarudi. Kwangu miye, kazi yote iko kwenye rangi hizo. Nyundo ni kelele tu.

Siku moja akaja dereva na bapa lililokatika.

"Ami, nichomelee tu, n'na abiria wa Makunduchi."

"Sichomelei springi, mwanangu."

Akamweleza. Moto wa kuchomelea unafuta kazi yote ya kiwandani. Kando ya mshono chuma kinapoa ghafla, kinarudi kuwa kioo. Mbele kidogo kinalegea. Kitakatika palepale, na gari imejaa watu. Dereva akacheka, akaondoka na bapa lake begani. Wachomeleaji hawakosekani, springi mpya ni pesa, na jioni tajiri anataka hesabu yake. Simlaumu sana.

Ila nimeripoti ajali za barabarani miaka kadhaa, na maelezo tunayopewa ni yaleyale: mwendo kasi, au ubovu wa gari. Ubovu gani, haulizwi mtu. Siku hizi kabla sijapanda gari ya shamba huinama kwanza, nikatafuta mshono kwenye springi. Abiria wenzangu hudhani nimeangusha pesa.