Jani la Isale

Arusha ndiko nilikozaliwa, Meru naiona kila asubuhi, lakini hifadhini nilikuwa sijawahi kukanyaga. Siku ile mzee alichana daftari la riwaya yangu. Eti hadithi hazileti unga! Nikadandia gari la rafiki yangu Mchaga, dereva wa watalii, hadi kwenye ule mkuyu uliojipinda kama lango, gari linapita chini yake.

“Mkuyu huu huota juu ya mti mwenzake,” akasema, “ukaukumbatia mpaka ukaunyonga.”

Nikamkumbuka mzee.

Jioni, Usa River, akanionyesha isale kwenye ua wa shamba. Kwao, ukiletewa jani hilo huwezi kukataa kusamehe. Nikaomba moja. Njia nzima nawaza: nimpelekee mzee, ama nimsubiri yeye aniletee?

Likanikaukia mfukoni.