Alizaliwa Mwaka wa El Niño

Hati ya mashtaka ina nafasi ya jina, dini, kazi na makazi ya mshtakiwa. Ina pia nafasi ya umri, na kwa afisa ustawi wa jamii wa zama zangu, kazi ilianzia hapo. Tarakimu mbili alizoandika askari wa zamu usiku, kwa kukadiria kwa macho, ndizo zilizoamua mtoto alale wapi: mahabusu ya watoto, au gerezani pamoja na watu wazima.

Nilipoajiriwa Mbeya, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa bado tunafuata Sura ya 13, Sheria ya Watoto na Vijana, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1937. Kwa sheria hiyo, mtoto alikuwa aliye chini ya miaka 12, na kijana alikuwa wa kuanzia 12 hadi kabla ya kutimiza 16. Akishafika 16 alihesabiwa mtu mzima, hata kama bado anavaa kaptula ya shule. Sisemi kwamba askari walikuwa na roho mbaya. Kuandika 17 kulirahisisha mambo tu: hakuna kumtafuta mzazi, hakuna kumsubiri afisa ustawi, hakuna kuulizana habari ya gari. Asubuhi anapanda karandinga na wenzake, basi.

Na hiyo habari ya gari haikuwa ndogo. Mahabusu za watoto Tanzania Bara zilikuwa tano: Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Sisi tulijaliwa moja. Lakini mtoto aliyekamatwa Sumbawanga kesi yake ilikuwa huko huko, na kumleta Mbeya halafu kumrudisha kila kesi inapotajwa kulitaka mafuta ambayo hakuna ofisi iliyokuwa nayo. Akabaki katika gereza lililo karibu na mahakama. Mkuu wa gereza mwenye huruma alimtafutia chumba cha pembeni. Asiye na nafasi alimchanganya na wengine.

Niieleze hiyo mahabusu, maana hata majirani zangu waliiita jela ya watoto. Ni mahali pa kungojea. Aliyemo hajahukumiwa, amekosa dhamana, na mara nyingi ameikosa kwa sababu hakuna ndugu aliyejitokeza. Inasimamiwa na Ustawi wa Jamii, si Magereza. Yetu ilikuwa na mabweni, jiko, uwanja wa vumbi na ukuta. Watoto walifagia, wakanywa uji, wakacheza mpira, wakala ugali na maharage, wakalala. Kilichonikera humo kuliko vyote kilikuwa kukaa bure. Mtoto wa darasa la sita anasubiri miezi upelelezi ukamilike, na mali inayodaiwa kuibwa ni kuku wawili. Kesi ikija kuisha, wenzake wameshafanya mtihani wa la saba.

Aliyepatikana na hatia aliweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi wetu, au kupelekwa shule ya maadilisho. Shule hiyo ilikuwa moja tu kwa Bara nzima, Irambo, kwetu huko huko Mbeya, na ilipokea wavulana. Wasichana walirudi nyumbani chini ya uangalizi kwa kuwa hapakuwa na pa kuwapeleka. Kuna siku niliona huo ni upungufu wa serikali, na kuna siku niliona wasichana wamepata nafuu ambayo kaka zao wameikosa.

Kisha ikaja Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, ikaifuta Sura ya 13. Mtoto akawa kila aliye chini ya miaka 18. Mtoto hahukumiwi tena kifungo. Kesi yake, isipokuwa ya mauaji ambayo huenda Mahakama Kuu, isikilizwe na Mahakama ya Watoto, watu wasiohusika wakiwa nje, mzazi au mlezi na afisa ustawi wakiwa ndani. Tulipigwa semina, tukapewa vitabu na posho, tukashangilia kweli kweli.

Haukupita muda nikaanza kuona jambo. Vijana ambao zamani wangeandikwa 17 sasa walikuwa wanakuja wameandikwa 18 na 19. Mpaka ulihama, kalamu nayo ikahama. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua magereza, vituo vya polisi na mahabusu za watoto, ikakuta watoto wamewekwa na watu wazima. Mimi sikuhitaji ripoti hiyo ili nijue, ila ilinisaidia: sasa niliweza kuiweka mezani kwa hakimu.

Mwaka 2012 aliletwa mvulana aliyeshtakiwa kuiba simu sokoni Mwanjelwa. Hati ilisema miaka 18, naye alikuwa ameshalala gerezani majuma kadhaa. Sheria inamtaka hakimu achunguze umri akiwa na shaka, na huyu hakimu alikuwa na shaka, maana kichwa cha mshtakiwa kilionekana kwa shida juu ya ubao wa kizimba. Akamwita mama yake.

"Mama, mwanao alizaliwa lini?"

"Tarehe siijui, mheshimiwa. Alizaliwa mwaka wa El Niño, mvua zilipoangusha jiko letu. Mwalimu alipofariki nilikuwa nimeshamwachisha ziwa."

Mwendesha mashtaka akasimama kusema hiyo si tarehe. Nami nikatoa cheti cha ubatizo nilichokifuata kanisani na nakala ya rejista ya shule ya msingi. Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa 1997 zikavuka mwaka. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 1999. Vyote vilikubaliana na mama. Hakimu akakata 18 akaandika 14, na jioni ile mtoto akahamishiwa kwetu.

Njiani nilimuuliza kwa nini alikubali 18.

"Mama Ustawi, kaka mmoja selo aliniambia ukisema wewe mkubwa unapigwa faini unatoka. Watoto wanapelekwa mbali."

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja kimya kimya. Mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali wa usajili, ilianza mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano: cheti bure, kwenye zahanati au ofisi ya kata, taarifa zikitumwa kwa simu. Kabla ya hapo, chini ya watoto wawili kati ya kumi wa umri huo nchini walikuwa na cheti. Mwaka 2016 zikatoka Kanuni za Mahakama ya Watoto, na majengo ya mahakama za mwanzo yakaanza kutengwa kwa kesi hizo. Mbeya na Temeke kulikuwa pia na mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa nyumbani kwao, bila kufungiwa. Wakubwa walioalikwa kwenye sherehe walipenda kuzungumzia kanuni na majengo. Kura yangu ningeipa zahanati.

Nimestaafu. Waliosajiliwa ule mwaka wa kwanza sasa ni vijana wa kubalehe, umri ule ule wa kuiba simu na kupigana stendi. Binti aliyerithi kiti changu ananiambia siku hizi mwendesha mashtaka ndiye huuliza cheti kwanza, na kikiwepo, ubishi wa umri hauchukui hata dakika tano. Kinachomsumbua ni kwamba mara nyingi cheti kipo lakini hakipo mahakamani. Kipo kwenye sanduku la bibi huko Kyela, mtoto kakamatwa Mwanjelwa, mama yuko Dar na simu yake haipatikani. Nauli ya kukifuata bado inatoka mfukoni mwa afisa.